Funga Kitabu, Nisimulie

Mwaka nilioanza kazi ni mwaka wa unga wa yanga. Tarakimu za mwaka huo waulizeni wanaoandika historia. Sisi tunaujua kwa tumbo. Mahindi ya njano yalishuka Tabora kwa treni, magunia kwa magunia. Ugali wake uling'aa kama umetiwa bizari, ukanuka ghala, na watu wazima wakaula huku wanaangalia pembeni. Aliyebahatika kuwa na michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata vipande na kuvianika hadi vikauke, alitafuna ndani na mlango kaufunga. Ndipo mimi, binti wa mtaa wa Cheyo, mtoto wa mjini, na darasa la saba langu kichwani, nikapandishwa kwenye lori la mahindi hayohayo nikapelekwa kijijini Ziba kuwa mwalimu.

Ndiyo, mwalimu. Mnacheka nini?

Serikali ilikuwa imesema kila mtoto aende shule. Watoto wakajaa, walimu hakuna, basi tukachukuliwa sisi tuliomaliza la saba. Asubuhi tulisimama mbele ya darasa, mchana tukakaa sisi wenyewe kwenye madawati kufundishwa namna ya kufundisha. Walituita walimu wa UPE, na wenye midomo yao wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Sawa. Waliosema hivyo, watoto wao nimewafundisha mimi. Mmoja leo ananipima presha hospitalini, na kabla hajagusa mkono wangu shikamoo inatangulia.

Sasa nimestaafu. Naishi Chemchem mjini Tabora, nina kuku, nina magoti mabovu, na nina neno kwenu ninyi mnaofundisha wadogo, na ninyi wazazi vijana mnaoshika daftari la mtoto jioni mkabaki mmetoa macho. Ni habari ya mafumbo ya hesabu, zile hesabu zinazokuja zimevaa maneno. Nimefundisha mafumbo hayo mpaka nywele zikawa nyeupe, na hadi leo yananishtua. Sijayazoea. Mtu akisema ameyazoea, huyo hajawahi kumsikiliza mtoto anavyoyajibu.

Nianze na Ziba, kwa sababu ndiko nilikopigwa butwaa la kwanza.

Darasa la tatu, watoto wamekaa juu ya matofali, vumbi limewafunika hadi kope. Nikaandika ubaoni: Mzee mmoja ana ng'ombe kumi na wawili. Alipeleka ng'ombe watano kwa kaka yake. Amebaki na ng'ombe wangapi? Nikapangusa mikono. Fumbo jepesi, nikajisemea, tutamaliza upesi nikanywe uji.

"Kumi na wawili!" darasa zima.

Nikadhani hawakusikia. "Alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Kumi na wawili, mwalimu!"

"Akapeleka wangapi kwa kaka yake?"

"Watano, mwalimu!"

"Haya. Amebaki na wangapi?"

"Kumi na wawili!" Sauti moja, kama wanaimba kanisani.

Mwili ulinisisimka, wallahi, na mimi ni Mkristo. Nikawatazama mmoja mmoja nikitafuta anayecheka, maana nilijua mtu wa mjini huwa anafanyiwa mizaha. Hakuna aliyecheka. Wao ndio walionitazama mimi kwa huruma. Kabinti kamoja ka mbele kakainua mkono, kakaniuliza taratibu, kama anavyoulizwa mgonjwa: "Mwalimu, kwani huyo kaka yake amewala?"

Nikatoka mbio hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu Lukasi alikuwa mtu mzima, amesomea ualimu enzi za mapadri, haachi koti hata jua la saa sita. "Mwalimu mkuu," nikamwambia, "nimepewa darasa la vichaa."

Akaja. Akasoma ubao. Akawauliza watoto, wakamjibu vilevile. Yule mzee akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akanivuta nje akanieleza mambo ambayo mtoto yeyote wa Ziba anayajua kabla ya kuota meno. Mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia utawamaliza wote, wezi wakija watawaswaga wote. Basi anawagawanya: wengine kwa kaka, wengine kwa shemeji, wengine kwa rafiki kijiji cha mbali. Anayewatunza anakunywa maziwa na kupata samadi ya shamba lake, lakini ng'ombe pamoja na ndama wao ni wa mwenyewe. Hata wakikaa huko mpaka wazeeke.

"Hawa watoto wamesoma fumbo," Mwalimu Lukasi akaniambia. "Wewe umesoma namba."

Ee mayo wane! Mama yangu mzazi! Nilisimama pale na chaki mkononi, nimeshtuka kama nimemwagiwa maji ya kisima. Mimi ndiye niliyeandika lile fumbo ubaoni kwa mkono wangu, na katika watu wote waliokuwa mle ndani, mimi peke yangu ndiye sikuwaona wale ng'ombe. Niliona kumi na mbili, nikaona tano, nikaona alama ya kutoa. Ng'ombe hata mmoja sikumwona.

Mzee akarudi ndani. Hakuweka mkasi, ile alama ya kosa, kwenye jibu lao. Akauliza tu: "Zizini kwake wamebaki wangapi?"

"Saba!" Hata hajamaliza kutamka.

Akawaambia jambo ambalo nimelirudia mpaka nastaafu, na ninyi lichukueni: "Aliyetunga fumbo hatoki hapa. Hajui ng'ombe wenu wanalala wapi. Mgeni akikuuliza, jiulize kwanza anataka kujua nini, halafu mjibu hicho." Kwa hiyo mtoto akikupa jibu la ajabu, usikimbilie kalamu nyekundu. Muulize alikuwa anaona nini. Mara nyingine anaona ng'ombe ambao wewe huwaoni.

Tangu siku hiyo Mwalimu Lukasi akawa anakaa nyuma ya darasa langu, juu ya tofali kama mtoto, koti lake analikunja magotini. Alinifundisha kitu kimoja, na mengine yote niliyofanya baadaye ni matawi yake. Mtoto asome fumbo. Kisha afunge kitabu. Kisha asimulie kilichotokea, bila namba: nani yupo, kafanya nini, na ni kitu gani hatukijui. Basi. Asipoweza kusimulia, chaki haigusi.

"Hata kwa Kisukuma?" nikamuuliza, maana siku zile kuongea lugha ya nyumbani shuleni lilikuwa kosa la kufagilia uwanja.

"Hata kwa Kisukuma. Ng'ombe hawajui Kiswahili."

Mtajaribu, mtaona. Mtoto anayesema "sielewi hesabu" mwambie asimulie. Mara nyingi utagundua hesabu anaijua, asichokijua ni kwamba kuna habari imetokea. Anaona namba mbili zimesimama barabarani, anataka kuzigonganisha. Mkimbiliaji wa namba ana swali moja tu, na analiuliza kabla hujakaa kitini: "Mwalimu, ni kujumlisha au kutoa?" Hilo swali nililichukia. Nikalitafutia jibu moja, nikalitumia Ziba, nikahama nalo hadi shule za mjini, mpaka watoto wakanibatiza Mwalimu Sikwambii. Jibu lenyewe ni hili: "Sikwambii. Nisimulie kwanza."

Walinuna. Wakinuna niliwaacha wanune, anayenuna anafikiri.

Msidhani kusimulia kunamaliza yote. Kuna mwaka, mvua zilikuwa nyingi tukala uyoga mpaka tukauchoka, nilitoa fumbo la mikokoteni. Watoto thelathini na mmoja wanakwenda kwenye sherehe ya kanisa kwa mikokoteni ya ng'ombe. Kila mkokoteni unabeba watoto sita. Inahitajika mikokoteni mingapi? Walisimulia vizuri, kuna aliyeiga hata mlio wa magurudumu. Wakagawanya vizuri pia. Jibu: mitano, baki moja.

"Baki moja ni nini?" nikauliza.

"Ni baki, mwalimu."

"Ni gunia? Ni gurudumu?"

Wakatazamana.

"Ni mtoto!" nikapiga kelele. "Mmemwacha mtoto barabarani! Anaitwa nani?"

Walishtuka mpaka wengine wakashika vichwa. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Anaitwa Masanja," na darasa likalipuka, kwa sababu Masanja mwenyewe alikuwepo na alikuwa mzito wa kuamka asubuhi. Ikabidi mkokoteni wa sita uende kwa ajili ya Masanja peke yake. Miaka yote iliyofuata, jibu likitoka la ajabu, wenyewe walikuwa wanaulizana: "Masanja kapanda?" Hiyo nayo ishikeni. Jibu likishapatikana, lirudishwe kwenye ile habari, lijaribiwe kama kiatu. Kama halivaliki, halijawa jibu.

Na mengine madogo madogo niliyookota njiani: namba zikiwa kubwa zinamtisha mtoto, mwambie aweke ndogo, elfu tatu iwe tatu, aone njia, kisha arudishe zile kubwa. Mwambie akisie kabla ya kukokotoa, jibu litakuwa kubwa kuliko hii namba au dogo? Mtoe mbele aigize. Watoto wa Tabora mjini niliwatoa kwa mafumbo ya misafara, maana babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mzigo begani kutoka hapa mpaka pwani akarudi na miguu yake yote miwili, na sisi kwetu hilo tunalitaja kwa kifua mbele. Darasa zima linapanga mstari, vitabu kichwani, wapagazi wanapunguziwa mizigo, wengine wanaumwa, mzigo wao unagawanywa kwa waliobaki. Mtoto aliyebeba kitabu cha mwenzake juu ya chake hahitaji kuambiwa kwamba watu wakipungua mzigo wa mmoja unaongezeka. Shingo imeshamwambia.

Hayo yote nilidhani nimeyaweka kabatini pamoja na chaki. Nikajua nitakufa nikila mayai ya kuku wangu. Sivyo.

Binti yangu Mwashi anaishi nami hapa Chemchem na watoto wake wawili. Mkubwa ni msichana, Kalunde. Mdogo ni Maganga, mdomo mkubwa kuliko mwili. Kalunde alifanya mtihani wa darasa la nne akafeli hesabu, akakariri. Mwaka uliofuata, huo ninaowasimulia, yeye yuko la nne tena na mdogo wake yuko la tatu nyuma yake, anakuja. Hesabu hiyo kila mtu nyumbani aliiona. Maganga aliisema mezani, mbele ya ugali: "Dada, mwakani nakuwekea nafasi kwenye dawati langu. Unataka upande wa dirisha au wa mlango?"

Kalunde alimrushia mwiko. Kisha akasema: "Nikikariri tena, siendi shule. Mkinipeleka nitatoroka." Hakulia. Angelia ningejua ni hasira. Alisema kama mtu anayesema kesho ni Jumapili.

Mama yake akampeleka tuisheni kwa Tito. Tito ni kijana mzuri, ana shahada ya ualimu, anasubiri ajira, anafundisha watoto wa mtaa kibarazani kwao. Nikasema sawa, damu changa. Mimi magoti.

Jioni moja nikasema ngoja nimwone mke mwenzangu, ndivyo ninavyomtania Kalunde tangu azaliwe, kama bibi yeyote na mjukuu wake wa kike, ngoja nimwone amefikia wapi. Nikachukua karatasi yake nikasoma fumbo la kwanza. Ndoo ya mama ina lita tisa za asali. Ni lita nne zaidi ya ndoo ya shangazi. Ndoo ya shangazi ina lita ngapi?

Miwani haijakaa sawa puani, Kalunde ameshaandika kumi na tatu.

"Umejuaje?"

"Kuna zaidi, Bibi. Ukiona zaidi, unajumlisha."

"Hebu ngoja. Kati ya mama na shangazi, nani ana asali nyingi?"

Akaniangalia. "Halijaulizwa hilo, Bibi."

Halijaulizwa! Nilishika shavu. Mtoto wa Tabora, aliyelamba asali kabla ya uji, hajui ndoo ipi imejaa, na hataki kujua, kwa sababu halijaulizwa! Akanionyesha kwa fahari nyuma ya daftari: ukiona jumla, zaidi au ongezeka, unajumlisha; ukiona baki, punguza au tofauti, unatoa. Amekariri yote kama sala.

Nikamtegea. "Sikiliza hili. Bibi ana kuku wanane, wamelala bandani. Jogoo amewika mara tatu. Wamebaki kuku wangapi?"

"Watano."

"Jogoo akiwika kuku anakufa?"

Akajibu kwa unyonge: "Si umesema wamebaki, Bibi?"

Mbavu zangu zilitaka kucheka, moyo ukakataa. Nilishtuka kushinda siku ya Ziba, na sababu naijua. Watoto wa Ziba walikosa namba kwa sababu waliwaona ng'ombe mno. Huyu wangu, damu yangu, haoni kitu. Hamna asali, hamna kuku, hamna shangazi. Kuna maneno ya kuwindwa tu. Na mtihani umekaribia, na dawati la Maganga linamngoja.

Basi tukaanza. "Funga kitabu," nikamwambia. Naye: "Ni kujumlisha au kutoa?" Nami: "Sikwambii. Nisimulie kwanza." Siku ya kwanza alisimulia namba. Nikamrudisha. Siku nyingine alinisimulia kimoyomoyo, midomo inacheza, nikamwambia mimi si padri, ongea nisikie. Akakasirika. Akatupa kalamu bandani kwa kuku.

"Bibi, mtihani ni karibu! Niambie tu ni kujumlisha au kutoa!"

"Sikwambii. Nisimulie kwanza."

Ndipo akalia, na Mwashi akatoka jikoni na mikono ya unga. "Mama! Huyu mtoto amekwambia akikariri anaacha shule, na wewe unamsikia. Neno moja tu, Mama. Unamnyima neno moja?"

"Nikimpa la hapa, la kule ndani ya chumba cha mtihani atapewa na nani?"

"Wewe ubishi wako utamfukuza mtoto wangu shule."

Hilo neno lilinichoma. Nikaingia ndani nikakaa kitandani, na nitawaambieni kweli, niliogopa. Miaka yote darasani niliwakatalia watoto wa watu, na wa watu wakifeli unasikitika, unakula, unalala. Huyu akifeli nitamwona kila asubuhi akifagia uwanja wakati wenzake wanapita na mabegi. Nikanyanyuka kwenda kumpa. Nilifika mlangoni. Nikamwona ameinama anatafuta kalamu kati ya kuku, anawasukuma kwa mguu, na midomo yake inacheza. Anasimulia. Nikarudi nikakaa.

Tito akaja kesho yake. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa. Umemfanya nini mtoto wangu?"

Kijana hakuruka wala hakukana. Akaniambia watoto ni wengi, kibaraza ni kidogo, muda wa mtihani mfupi, na yale maneno ya ishara mara nyingi yanaleta jibu sahihi. "Wale wanyonge yanawasaidia, Bibi. Usinicheke."

Sikumcheka. Ni kweli, mara nyingi yanaleta jibu, na hapo ndipo ubaya ulipo, yanamzoesha mtoto kutosoma. Tito akaendelea: wazazi wa mtaa huu wananiamini mimi mwalimu mzee, je, ningekubali kumtajia maneno yote ya ishara ninayoyajua, ayabandike ukutani na jina langu juu?

"Sikwambii. Nisimulie kwanza."

"Nikusimulie nini, Bibi?"

"La asali."

Akacheka. Kisha akachukua kijiti, akachora mavumbini. Sanduku refu: ndoo ya mama. Chini yake sanduku fupi: ndoo ya shangazi. Pale refu lilipozidi akaweka nne. Kalunde alikuwa nyuma yake anachungulia. "Aaa," akasema. "Kumbe ya shangazi ndiyo ndogo." Hakuna aliyemwambia.

Mimi nilibaki mdomo wazi. Miaka yote hiyo nilikuwa nawatoa watoto nje kuigiza, nabeba mawe, nabeba mahindi, na kumbe masanduku mawili ya mavumbini yanamaliza kazi! Kijana akasema wanafundishwa chuoni siku hizi. Sikumsifu, kijana ukimsifu mapema anavimba. Lakini alipoondoka nilichora masanduku uwanja mzima, kuku wakayakanyaga, nikachora tena. Tito naye kibarazani kwake akaanza kuwaambia watoto wafunge vitabu. Nasikia hata huku kelele zao.

Sasa nifike pale ninapotaka. Dawa yangu ya mwisho kwa mtoto mgumu ni kumgeuza: asijibu fumbo, atunge. Anayetunga hawezi kuwinda maneno, maana ni yake mwenyewe, lazima aweke watu na waende mahali. Wengi hutunga ya maandazi. Nikamwambia Kalunde, haya mke mwenzangu, leo nitunge mimi au utunge wewe? Akasema atatunga. Akaenda kukaa ukutani peke yake. Akarudi, akafunga daftari mwenyewe, sikumwambia, akasimama mbele yangu akasema:

"Dada alikuwa mbele ya mdogo wake kwa madarasa mawili. Akasimama mwaka mmoja, mdogo akasogea. Akisimama tena mwaka mwingine, atakuwa mbele yake kwa madarasa mangapi?"

Maganga alikuwa anakula karanga, akaacha. Nilikuwa nimeomba fumbo, nikaletewa moyo wa mtoto juu ya sahani.

Nikajikaza. "Jibu?"

"Sifuri, Bibi." Macho yake makavu, yananitazama. "Ni kutoa, halafu kutoa tena. Na halina neno la ishara hata moja."

Kisha akanijibia lile ambalo mimi nisingethubutu kumuuliza: "Lakini nimeligeuza. Asiposimama, darasa moja linabaki. Hilo ndilo ninalolitaka."

Maganga akamsogezea karanga. Habari ya dawati hatukuisikia tena nyumba hii.

Siku ya mtihani sikumpa maneno mengi, nilimpa yai la kuchemsha na chai. Aliporudi sikumuuliza amepataje, kwa sababu yeye alianza kusimulia kabla hajavua viatu: kulikuwa na mkulima, kulikuwa na magunia ya alizeti, mkulima akayapakia kwenye mkokoteni, na Bibi, mkokoteni wa mwisho haukujaa lakini ulienda! Nikaelekea bandani kuangalia mayai ambayo nilishayaokota asubuhi.

Matokeo yalikuja kwenye simu ya Mwashi, siku hizi kila kitu kinakuja kwenye simu. Alipiga yowe, nikajua kuna msiba, nikaanza kutafuta khanga ya kujifunga. "Amepita! Mama, Kalunde amepita!" Magoti yangu, haya mabovu, yaliruka. Nilijikuta uwanjani, khanga mkononi, sijui nimepitaje mlangoni. Kalunde akatoka kuangalia kelele za nini, akaambiwa, akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Akafunika uso. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. "Chukua dawati lako lote," akamwambia. "Dirishani na mlangoni."

Haya. Sasa Kalunde yuko la tano, na Maganga ndiye yuko la nne. Mdomo uleule. Juzi alinijia na daftari, mpira kwapani, wenzake wanampigia mluzi nje ya ukuta. Dada yake alikuwa jikoni anachambua mlenda, nikasikia anaguna kabla mtoto hajafungua kinywa.

"Bibi, nina haraka. Hili ni kujumlisha au kutoa?"

"Sikwambii. Nisimulie kwanza."

"Bibi yangu mzuri, wananisubiri. Neno moja tu!"

"Sikwambii. Nisimulie kwanza."